Saa Inasema 12/8, Kichwa Kinamuuma Mama

Ndugu na dada wahitimu, na ninyi wadogo zetu ambao mungali mu auditwari, leo sileti habari ya kazi wala ya konkuru. Naleta lawama. Ya kwanza ni yangu mwenyewe. Ya pili ni ya kitu kimoja kilichojaa mikononi mwetu siku hizi: zile saa na programu za telefone zinazosema eti zinapima tansio.

Niliposhika mshahara wangu wa kwanza, nilimnunulia Mama saa. Ilikuwa nyeusi, yenye kioo cha kung'aa, dola 25, hapa Lubumbashi katikati ya mji. Muuzaji aliivaa mbele yangu, akabonyeza, ikatoka 12/8. Nikaivaa na mimi, ikatoka 12/7. Nikafurahi. Mama ana tansio tangu miaka sita, anamezaka kidonge kila asubuhi, na kila mara ilibidi kumtafutia mtu wa kumpima. Nikasema sasa munganga atakuwa mkononi mwake mchana na usiku.

Mama aliipenda ile saa kuliko kitenge. Kila asubuhi kabla ya chai alibonyeza. 12/8. Kesho yake 11/7. Kesho kutwa 12/8. Baada ya wiki mbili akaviweka vidonge mu kabati, bila kuniambia. Mchana kichwa kilimuuma, akasema ni jua. Usiku kilimuuma, akasema ni mawazo.

Siku moja akampeleka mtoto wa dada yangu kwenye kituo cha afya kwa chanjo. Mama munganga wa pale, anayemjua tangu zamani, akamwambia: "Mama, kaa kwanza, tukupime na weye." Ikatoka 19/11. Akamwacha apumzike dakika kumi, akampima tena: 18/11. Mama akanyoosha mkono, akaonyesha saa yake: 12/8. Munganga akacheka kidogo, halafu akaacha kucheka.

"Mama, nani alikupaka hii kitu?"

"Mwana wangu. Amesomaka fizikia. Hawezi kuleta kintu ya bongo mu nyumba."

Hilo jibu njo limenikalisha chini kuandika. Mama hakuamini saa, aliamini diplome yangu. Yule muuzaji aliuza chombo, lakini mimi njo niliweka muhuri juu yake.

Jioni ile nikachukua ndizi moja mbivu, nikaifunga ile saa, nikabonyeza. Ikafikiri sekunde chache, ikajibu: moyo unapiga mara 74 kwa dakika, tansio 11/7. Ndizi ilikuwa na afya kuliko watu wote wa parseli yetu. Watoto walicheka mpaka wakalala chini. Nikaifunga kwenye taulo lililokunjwa, nalo likapata tansio ya kijana wa miaka ishirini. Nikafungua tena ile karatasi ya mu sanduku ambayo sikuisoma siku ya kwanza. Juu ya sanduku kulikuwa na picha ya moyo mwekundu. Ndani, kwa herufi ndogo za Kiingereza, waliandika kwamba hiki si kifaa cha uganga.

Jaribio la ndizi si utafiti, najua. Saa moja haiwezi kuhukumu saa zote. Lakini limenifundisha jambo moja: chombo cha kupima kinapaswa kujua kusema "sijui". Tansiometre ya kweli ukiifunga vibaya, inaandika kosa na kukataa. Saa yangu haikukataa kitu. Kila ulichoifunga, iliitia moyo.

Wengine watasema: lakini dunia imeendelea, sasa tunapima bila kuchoma sindano, bila kuumiza mtu, kwa nini turudi nyuma? Hapa tukumbushane historia kidogo, maana kupima bila kuchoma hakukuanza na saa. Mwaka 1733 Mwingereza Stephen Hales alichapisha kitabu akieleza jinsi alivyoingiza bomba ndani ya mshipa wa farasi, akaona damu inapanda mu bomba la kioo kupita mita 2. Hiyo njo ilikuwa kupima kwa kuchoma, na hakuna mgonjwa angekubali. Mwaka 1896 munganga wa Italia, Scipione Riva-Rocci, akatoa ukanda wa mpira unaofungwa kwenye mkono na kujazwa hewa. Mwaka 1905 Mrusi Nikolai Korotkov akaongeza kusikiliza mshipa kwa stetoskopi. Kwa hiyo ule ukanda tunaouona wa kizamani ndio wenyewe kipimo kisichochoma. Tuko nao tangu zaidi ya miaka mia moja.

Ukanda unajuaje? Unabana mkono mpaka damu inasimama. Halafu hewa inatoka polepole. Pale damu inapopenya mara ya kwanza, sauti inasikika: hiyo ni namba ya juu. Pale mshipa unapokuwa wazi kabisa na sauti kupotea, hiyo ni namba ya chini. Mashine za kisasa za betri hazisikilizi sauti, zinahisi mtikisiko wa hewa ndani ya ukanda kisha zinafanya hesabu, lakini msingi ni uleule: nguvu ya damu inapimwa kwa kuwekewa nguvu nyingine mbele yake.

Saa ya bei rahisi haibani kitu. Chini yake kuna taa ya kijani. Damu inapojaa mu ngozi, mwanga mwingi unamezwa. Inapopungua, mwanga mwingi unarudi. Saa inaona kupanda na kushuka huko. Ni kazi nzuri kwa kuhesabu mapigo ya moyo. Lakini kuona damu inapita si kujua inasukuma kwa nguvu gani. Simama kando ya barabara ya Kasumbalesa: unaweza kuhesabu makamio yote yanayopita, hata ukajua yanakwenda mbio au polepole. Uzito wa shaba iliyo ndani, je? Huo hauujui mpaka kamio ipande mizani. Taa inahesabu makamio. Ukanda ni mizani.

Kuna watu wenye akili sana wanaojaribu kupata uzito kwa kutazama tu. Wanachukua umbo la kila pigo, wanatia umri, kilo na urefu wa mtu, halafu programu inakadiria. Siwadharau. Kampuni ya Samsung ilipata ruhusa mwaka 2020 kule Korea Kusini kwa saa inayokadiria tansio. Lakini masharti yake mnayajua? Mwenye saa lazima aipatanishe na tansiometre ya ukanda, na kurudia kila baada ya siku 28. Maana yake hata saa ya bei kali inakwenda kumwomba ukanda ukweli kila mwezi. Sasa ile ya dola 25 ambayo haijawahi kuuona ukanda, ukweli inautoa wapi?

Na tuwe wa haki. Saa zina jambo zinalofanya vizuri. Mu uchunguzi mmoja mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2019, watu zaidi ya 400,000 walivaa saa ya Apple ili kuona kama inaweza kutambua moyo unaopiga bila mpangilio. Walioonywa walikuwa wachache, karibu watu 5 kwa kila 1,000, na walioonywa waliombwa kuvaa kifaa kingine cha kupima umeme wa moyo ili kuhakikisha. Angalia adabu ya kazi hiyo: saa inaamsha shaka, kifaa cha kweli kinathibitisha. Saa ya Mama ilifanya kinyume: iliua shaka.

Na kuua shaka njo hatari yenyewe. Kati ya 2014 na 2015, Marekani waliuza programu moja ya telefone iliyoitwa Instant Blood Pressure. Ulikuwa unaweka kidole kwenye kamera na telefone unaiegemeza kifuani, basi unapata namba. Ilinunuliwa zaidi ya mara 100,000. Mwaka 2016 watafiti wa Johns Hopkins waliilinganisha na ukanda. Katika watu waliokuwa na tansio ya juu, karibu wanne kati ya watano programu iliwaambia wako sawa. Mwaka uleule serikali ya Marekani ikaifikisha kampuni mbele ya sheria kwa kudanganya wanunuzi. Kule kuna ofisi ya kushtaki. Huku kwetu kitu kinapita mpaka mu katoni, kinapangwa mezani, na mtetezi wa mnunuzi ni mwana wa familia aliyesoma. Mwana huyo naye akivutwa na kioo cha kung'aa, basi.

Kuna jambo lingine ambalo sisi weusi hatupaswi kulinyamazia. Mwanga unapita ndani ya ngozi, na rangi ya ngozi inameza mwanga. Mwezi wa 12 mwaka 2020, wakati wa Covid, jarida la uganga la New England lilichapisha kazi juu ya kile kibanio cha kidole kinachopima oksijeni. Kwa wagonjwa weusi, kibanio kilikosa kuona upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe. Kilikuwa chombo cha hospitali, kinachoaminiwa dunia nzima. Basi tukiletewa kifaa kingine cha mwanga, swali la kwanza la mwenye diplome wa Kongo liwe hili: kilijaribiwa kwa ngozi ya nani? Swali hilo si siasa, ni fizikia.

Sasa nigeuze fimbo. Nikiishia kwenye saa tu, nitakuwa nimelaumu mgeni na kumwacha mwenyeji. Hata ukanda wenyewe tunautumia ovyo. Mumeshaona meza za kupima tansio karibu na soko, au mbele ya farmasi, au siku ya sherehe ya kampus. Mtu anafika amepanda kilima kwa jua, anajibu telefone, mkono unaning'inia, ukanda unafungwa juu ya koti, na mashine inaanza palepale. Kisha anaambiwa: "Papa, uko na tansio!" Au mama mwenye mkono mnene anafungwa ukanda mdogo, uleule wanaofungwa watu wote.

Haya yote yana bei. Mwaka 2023 na 2024 watafiti wa Johns Hopkins waliyapima. Mtu anayehitaji ukanda mkubwa kabisa akifungwa ule wa kawaida, namba ya juu inaongezeka karibu 20. Mkono ukilala mapajani badala ya mezani, inaongezeka karibu 4. Ukining'inia kando, zaidi ya 6. Watu wangapi wamepewa dawa kwa sababu ya kiti kibovu? Na wembamba waliofungwa ukanda mpana, ambao unashusha namba, wangapi wamerudishwa nyumbani na ugonjwa wao?

Tena sisi tuliosoma kwa Kifaransa tuko na tabia yetu. Mashine inaonyesha 148/98, sisi tunasema "14/9". Inaonyesha 141/90, tunasema "14/9". Kwa masikio, hawa wawili ni ndugu mapacha. Mwenye 138/88 anaambiwa "13/8" sawasawa na mwenye 130/80. Tumerithi kuhesabu kwa sentimita, na tarakimu ya mwisho tunaitupa kama ganda. Lakini uchunguzi mkubwa uliotolewa mu Lancet mwaka 2021, uliokusanya majaribio mengi ya dawa, ulionyesha kwamba kushusha namba ya juu kwa 5 tu kunapunguza hatari ya mashambulizi makubwa ya moyo na ubongo kwa karibu asilimia 10. Hiyo 5 njo iko ndani ya tarakimu tunayoitupa! Munganga anashindwa kujua kama dawa inafanya kazi, kwa sababu tangu mwezi wa pili mpaka wa tano daftari linasema 14/9, 14/9, 14/9.

Nasikia jibu la kwanza: "Saa ni afadhali kuliko hakuna." Hapana. Asiyepima anajua kwamba hajui. Akisikia kichwa kizito ataenda kuuliza. Aliyepimwa na saa ya bongo anaamini anajua, na anaacha dawa. Shirika la Afya Duniani lilisema mu ripoti yake ya 2023 kwamba karibu nusu ya watu wazima wenye tansio ya juu hawajui kama wanayo. Ugonjwa huu kwa kawaida hauna maumivu, hauna alama. Kumdanganya mtu juu ya ugonjwa ambao mwili wake wenyewe haumwambii ni kumfunga macho mara mbili.

Jibu la pili: "Tansiometre ni ghali." Ile ya ukanda wa juu ya kiwiko niliyonunua baadaye iliniomba dola 40. Ndiyo, ni pesa. Lakini parseli moja yenye familia tatu inaweza kuchanga. Hesabu saa ngapi zimo mikononi mwa vijana wa avenue yenu. Mashine moja nzuri inatosha watu kumi na tano, maana haivaliwi, inaazimwa.

Jibu la tatu lilitoka kwa Mama mwenyewe: "Ule ukanda unanibanaka sana, saa hainibani." Nikamjibu, "Mama, mizani bila kupanda haiwezi kusema kilo." Alinitazama, akanyoosha mkono.

Basi tufanye nini? Sitawaandikia masomo ya uganga, mimi si munganga. Naandika yale ambayo mhitimu yeyote anaweza kusimamia nyumbani kwao bila kupita mipaka yake.

Ukinunua, nunua ya ukanda wa mkono wa juu, na upime kwanza unene wa mkono wa mwenye kutumia, ili ukanda umfae. Uliza kama aina hiyo imejaribiwa: kanuni ya kimataifa inataka mashine ilinganishwe na kipimo cha waganga kwa watu wasiopungua 85, na kuna orodha za wazi kwenye intaneti za mashine zilizofaulu. Ikifika nyumbani, ibebe mpaka kituo cha afya, muilinganishe na ya kwao siku ileile, mtu yuleyule.

Kupima kwenyewe ni nidhamu ya dakika kumi. Aende choo kwanza. Nusu saa kabla asinywe kahawa wala kuvuta sigara. Akae kwenye kiti chenye mgongo, miguu chini bila kukunja, mkono mtupu juu ya meza usawa wa moyo. Dakika tano bila maneno, na hapa wamama zetu njo wanapata taabu! Pima mara mbili, dakika moja katikati. Andika namba nzima: 148/98, si 14/9, na tarehe, na saa. Daftari la shule la kurasa 48 linatosha. Daftari hilo, na si namba moja ya siku moja, njo munganga anahitaji. Nyumbani, wastani ukifika 135/85 au kupita, ni wakati wa kwenda kuzungumza naye. Ikipanda 180/120 na kichwa kinagonga, au kifua kinabana, au mdomo na mkono vinalegea, usisubiri kuandika daftari, tafuta gari. Na dawa haisimamishwi na saa, wala na ukanda, wala na mwana aliyesoma fizikia. Inasimamishwa na aliyeiandika.

Na chumvi tusiisahau. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima abaki chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kidogo kimoja. Bukari na makayabu, na juu yake kube mbili mu sombe: hesabu inapita kabla hujanawa mikono. Lakini hatuwezi kujua kama kupunguza kumesaidia pasipo kipimo cha kweli. Tunarudi palepale.

Wahitimu wenzangu, kuna kitu hatukufundishwa siku ya kolasio. Tangu siku ile, kila kinachoingia nyumbani kinapita kwenye mkono wetu. Simu ni sisi, umeme wa jua ni sisi, dawa ya intaneti ni sisi, saa ya moyo ni sisi. "Uliza mtoto, amesoma." Hatulipwi kwa kazi hiyo, lakini tunaifanya, na ina makosa yanayoua. Mimi nilikuwa na miaka mitano ya fizikia, nilijua mwanga ni nini na nguvu ni nini. Dukani sikuuliza swali hata moja. Nilibonyeza, nikaona 12/7, nikafurahi kwa sababu ilikuwa namba yangu nzuri. Kama ingesema 19/11 ningeuliza inajuaje. Njo udhaifu wetu huo: kipimo kinachotusifu hatukikagui.

Mama amerudia vidonge tangu wakati ule. Munganga alimwongezea kimoja, na daftari lake limefika ukurasa wa tisa. Juma lililopita ilikuwa 136/84, anaisema yote, tarakimu kwa tarakimu, kama mtoto anayesoma namba za bahati nasibu. Saa ile bado anaivaa, kwa sababu inaonyesha saa vizuri. Ila mgeni akimuuliza kama kweli inapimaka tansio, anamjibu:

"Inapimaka. Lakini ya ndizi."